Madoa ya miguuni siku ya nane baada ya chanjo: tumlaumu nani, chanjo au diklofenaki?

#1 Tabibu wa Zamu
Wakuu salaam.

Naanza na dai, nirarueni taratibu. Mafaili mengi yaliyoandikwa "uvimbe wa mishipa ya damu ya ngozi uliosababishwa na chanjo" yameandikwa kwa haraka. Picha ni ileile: mtu mzima kachanjwa, mkono unauma, usiku joto limepanda, asubuhi kapita dukani kachukua diklofenaki au ibuprofeni, kameza siku tatu. Siku ya nane miguu imejaa madoa ya zambarau, ukipitisha kidole yanapapasika, ukibonyeza hayapotei. Akiulizwa kipya alichopata ni nini, anajibu chanjo. Vidonge havitaji, maana kwake kidonge cha maumivu si dawa, ni kama chumvi ya jikoni.

Dawa za jamii hiyo ziko kwenye orodha ya washukiwa tangu zamani, pamoja na penisilini, sefalosporini, kotrimoksazoli na alopurino (dawa ya gauti). Na muda wake wa kutoa madoa ni uleule, siku 7 hadi 10 tangu mtu aanze kumeza. Saa mbili zinagonga pamoja. Nyie mnazitenganisha kwa kigezo gani?

#2 Darubini
Kwa darubini huzitenganishi, nikuondolee tumaini hilo mapema.

Kinyama cha ngozi, yaani kipande kidogo kinachokatwa kwenda kupimwa, kitaonyesha yaleyale: vishipa vidogo vya juu kwenye ngozi ya ndani vimezingirwa na nyutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu), kuta zake zimefura na kujaa fibrini (nyuzi za damu iliyoganda), chembe nyekundu zimemwagika nje, na katikati kuna vumbi la viini vya nyutrofili zilizopasuka. Vumbi hilo ndilo saini ya ugonjwa. Haliandiki jina la aliyeanzisha. Awe ametoka na homa ya ini, penisilini, saratani au chanjo ya mafua, kioo ni kilekile.

Yosinofili, chembe nyeupe za mzio, zikiwa nyingi naegemea upande wa dawa. Naegemea tu, siapi.

#3 Duka la Kona
#2 chanjo nayo ni dawa, mkuu. Yosinofili haziulizi ilitoka famasi au ilitoka kwenye friji ya kliniki.

#1 dai lako lina tundu moja. Aliyekuwa anameza diklofenaki kila mwezi kwa mgongo, miaka nenda miaka rudi, hana sababu ya kutoka madoa siku ya nane. Mwili ulioizoea dawa kwa ubaya hujibu haraka zaidi, mara nyingi ndani ya siku tatu. Kwa hiyo swali la dirishani lisiwe "umekunywa dawa gani?" Uliza vipande vipande: cha kushusha joto ulimeza nini? Cha mkono? Cha kikohozi? Cha kupaka? Mizizi je? Kila kimoja andika tarehe ya kuanza, na uliza kama aliwahi kukitumia kabla. Mwambie alete maganda. Ganda la kidonge limeokoa historia nyingi kuliko kumbukumbu.

#4 Hesabu Kali
Mnabishania mshukiwa kabla ya kujua kama kuna kesi.

Kaunti ya Olmsted, Minnesota, Marekani, walihesabu waliothibitishwa kwa kinyama wakapata takriban 45 kwa kila watu milioni kwa mwaka. Chukua 45, zidisha 14, gawanya kwa 365: unapata 1.7. Yaani ukiwachoma watu milioni 10 maji ya chumvi matupu, 17 watatoka madoa ndani ya wiki mbili zinazofuata, na wote 17 wataapa ni sindano.

Shehena ya kwanza ya Janssen, chanjo ya UVIKO-19, iliyoingia Tanzania Julai 2021 ilikuwa dozi 1,058,400. Kwa kiwango hicho, wawili hivi wangetoka madoa hata kama chupa zingejazwa maji.

#5 Kichwa Ngumu
Kwa hiyo kumbe chanjo ni malaika. Haya, nielezeni: sindano imechomwa begani, madoa yako kifundoni. Imeshukaje huko, kwa daladala?

#6 Mvita
Salaam kutoka Mombasa.

#4 hesabu yako ni safi ila Minnesota si kwetu. Hapa homa ya ini B, VVU na streptokoki za koo zimejaa, na zote hutoa madoa haya. Kiwango cha kawaida cha huku huenda kiko juu, kwa hivyo wa bahati nasibu wataongezeka. Hilo linakusaidia wewe.

Linalokuumiza ni hili. Kama ni bahati tupu, siku za kuanza zingetawanyika sawasawa: siku ya 2 wangapi, ya 6 wangapi, ya 13 wangapi, karibu idadi moja. Zikirundikana katikati ya siku ya 5 na ya 12, hapo pana jambo.

Na wenye mamlaka hawakulifumbia macho. Machi 2022 kamati ya usalama wa dawa ya Ulaya ilipendekeza uvimbe wa mishipa midogo ya ngozi uandikwe kwenye karatasi ya maelezo ya Janssen, kama jambo linaloweza kutokea, mara ngapi haijulikani. Chanjo za mafua nazo, karatasi zake za Ulaya zimebeba miaka mingi onyo la uvimbe wa mishipa, nadra sana, pengine pamoja na figo kuguswa kwa muda. Basi tusiseme ni diklofenaki peke yake.

#7 Hesabu Kali
#6 mrundikano nao una ugonjwa wake. Anayetoka madoa siku ya 8 anakumbuka chanjo na anaripotiwa. Wa siku ya 40 hakumbuki, na daktari hamuulizi. Ukilima ripoti za hiari utavuna siku ya 8 kila mara. Njia ya haki ni kumlinganisha mtu na nafsi yake: siku zake 42 za baada ya chanjo dhidi ya miezi yake mingine, kutoka daftari lisilojua nani kachanjwa lini.

#8 Darubini
#5 swali lako la kejeli ndilo zuri kuliko yote humu.

Haishuki kwa daladala, inazunguka na damu. Antijeni, yaani kitu kigeni kinachoamsha kinga, ikiingia, wiki moja hivi baadaye kingamwili zinaanza kutoka kwa wingi. Kipindi ambacho antijeni bado imezidi kidogo, yanaundwa mafungamano ya antijeni na kingamwili ya ukubwa wa kati. Makubwa hufagiliwa na ini na wengu, madogo sana hayana nguvu. Ya kati ndiyo yanayoganda kwenye kuta za vishipa. Hapo protini za komplimenti (za kinga, zimo kwenye damu) zinaamka, mojawapo, C5a, inaita nyutrofili, nazo zikifika zinamwaga vimeng'enya na kuharibu ukuta.

Kwa nini miguuni: damu inakwenda polepole na shinikizo ni kubwa, kwa hiyo mafungamano yanatua. Ndiyo maana madoa hujipanga pale lastiki ya soksi inapobana. Na mgonjwa aliyelala kitandani wiki nzima usiishie kumwangalia vifundoni, mgeuze. Yatakuwa matakoni na mgongoni.

Jambo lenyewe halikuanza na chanjo za juzi. Maurice Arthus aliliona mwaka 1903 kwa kuwachoma sungura seramu ya farasi mara kwa mara, na 1905 von Pirquet na Schick wakaueleza ugonjwa wa seramu kwa watoto. Huku kwetu unaonekana bado, siku 5 hadi 14 baada ya dawa ya sumu ya nyoka iliyotengenezwa kwa farasi.

#9 Duka la Kona
Nyongeza kwa #8, watu wasichanganye. Mmenyuko unaoitwa Arthus, wa kwenye chanjo ya pepopunda, ni wa palepale ilipochomwa: mkono unavimba saa 4 hadi 12 baada ya nyongeza, kwa mtu ambaye tayari ana kingamwili nyingi. Dawa yake ni kuacha kumrudia. Nyongeza nyingine isitolewe kabla ya miaka 10. Na lile bega jekundu linalowasha siku ya nane hivi baada ya Moderna, chanjo nyingine ya UVIKO-19, si uvimbe wa mishipa wala Arthus. Linaisha lenyewe. Nimeyaona yote matatu yamebandikwa jina moja kwenye fomu.

#10 Kijiti cha Mkojo
Mmefika posti ya kumi hakuna aliyetaja mkojo. Aibu.

Ngozi itapona. Figo ndiyo inayomfuata mtu nyumbani. Siku ya kwanza: presha, kijiti cha mkojo, kreatinini (kipimo cha damu cha figo). Damu ikitokea kwenye kijiti, peleka mkojo mbichi maabara, usizunguke, utazamwe ndani ya saa moja kutafuta mirija ya chembe nyekundu, yaani chembe zilizoshikamana kwa umbo la mirija ya figo. Ukiipata, si ugonjwa wa ngozi tena.

Kama kinyama kinaonyesha IgA (aina ya kingamwili), au mgonjwa ni mtoto mwenye tumbo linalouma na vifundo vilivyovimba, rudia mkojo na presha kila wiki mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Kijiti safi siku ya kwanza hakimaanishi chochote.

#11 Maabara ya Chini
Waleta vinyama mnatuua. Naandika mara moja, mkihifadhi mtashukuru.

Doa la kuchagua ni bichi, la saa 24 hadi 48, linalopapasika, lisilo na kidonda katikati. Mwambie mgonjwa azungushie kalamu madoa ya leo. Kesho yasiyo na duara ndiyo mapya. Ganzi ya lidokaini chini yake, kitoboleo cha milimita 4, kata hadi uone mafuta ya manjano. Chukua viwili.

Cha kwanza kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake angalau mara kumi ya kinyama. Si kijichupa cha sindano kilichojazwa matone.

Cha pili, cha kutafutia kingamwili IgG, IgM, IgA na C3 ya komplimenti kwa mwanga wa rangi, KISIGUSE fomalini. Hata kibanio kilichotoka kwenye fomalini kisikiguse. Kiende kwenye maji ya Michel, kimiminika maalumu cha kusafirishia kinyama. Huna? Maji ya drip ya chumvi, 0.9%, na kifike ndani ya saa 24. Ukichelewa kukata, mtuhumiwa keshatoroka: baada ya saa 72 mara nyingi utabaki na C3 tu, halafu mtasema maabara haijui kazi.

Na mkiomba krayoglobulini, chupa iwe imepashwa hadi nyuzi 37 na ibaki hapo hadi seramu itenganishwe. Mnatuletea kwenye boksi la barafu pamoja na za malaria. Protini zinazoganda kwa baridi zote zimebaki chini na donge la damu, jibu linatoka hamna. Hamna ya uongo.

#12 Kichwa Ngumu
#11 pole mkuu, kunywa maji. Si ya Michel.

#13 Mama Kliniki
Asanteni, mada nzito. Mmeongelea watu wazima, niwaletee watoto, maana huko ndiko chanjo zilipo.

Mtoto wa miezi 9 kapata surua-rubela, wiki moja baadaye uso na masikio yametoka mabaka makubwa ya zambarau, ya duara kama sarafu, mengine na pete ndani ya pete, na mikono na miguu imevimba. Mama analia. Mtoto mwenyewe anacheza na ananyonya. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo: ngozi inatisha, mtoto yuko sawa. Huo ni uvimbe wa mishipa wa watoto wachanga, huwapata zaidi kati ya miezi 4 na 24, na unaondoka bila dawa ndani ya wiki moja hadi tatu. Wakati mwingine wazazi hushukiwa wamempiga mtoto, wanaitiwa ustawi wa jamii bure.

Je, ni chanjo? Mtoto wa umri huo ana mafua wiki mbili kati ya nne, na mafua nayo huleta mabaka hayohayo. Nani atatenganisha?

Lakini vidoa vidogo kama ncha ya sindano, bapa, havipapasiki, ukajumlisha ufizi unaotoa damu, hapo angalia chembe sahani, zile za kugandisha damu. Baada ya chanjo yenye surua zinaweza kushuka, takriban mtoto mmoja katika dozi 30,000 hadi 40,000. Ni jambo jingine kabisa, ingawa mlangoni yote yanaitwa "madoa ya damu".

#14 Tabibu wa Zamu
#13 umegusa penyewe. Kwenye ngozi yetu nyeusi wengi hawayaoni kabisa, wanasubiri wekundu wa kwenye vitabu vya Ulaya. Wekundu haupo. Kuna weusi uliokolea kuliko weusi wa ngozi, unaelekea zambarau. Zima taa ya juu, leta tochi kutoka ubavuni, vinundu vitatupa kivuli. Kisha funga macho upapase kwa ncha za vidole. Bonyeza kwa kioo cha slaidi: doa likibaki na rangi, damu iko nje ya mshipa. Malizia kwa kaakaa, ndani ya kope na nyayo, huko rangi haijifichi.

Na hili lisisubiri uzi umalizike: madoa yanayoongezeka kwa saa, mtu ana homa na amezubaa, hakuna cha kinyama wala cha chanjo. Seftriaksoni gramu 2 mshipani kwa mtu mzima, sasa hivi, damu ya kuoteshea vijidudu ichukuliwe kama haicheleweshi dawa. Homa ya uti wa mgongo ya meningokoki haisubiri mjadala wa nyutrofili.

#15 Mvita
#14 ongeza dengi. Pwani hii, na Dar ya 2014 na 2019 mnaikumbuka, homa, macho kuuma, vidoa, chembe sahani chini. Mtu kachanjwa Jumatatu, mbu kamuuma Jumanne, lawama inakwenda kliniki.

Kwa waliopata AstraZeneca au Janssen kuna mlango mwingine wa hatari: kati ya siku ya 4 na ya 42, chembe sahani chini ya 150,000 kwa mikrolita, D-dimer (kipimo cha damu kuganda) iko juu kupita kiasi, kichwa kinauma bila kuacha, au mguu mmoja umevimba. Hapo kingamwili zimeshika PF4, protini ya chembe sahani, na damu inaganda huku sahani zinaisha. Usimpe heparini na usimwongezee sahani. Ndiyo sababu hesabu kamili ya damu ni kipimo cha kwanza kwa kila mwenye madoa, kabla hujatamka neno mishipa.

#16 Kijiti cha Mkojo
Matibabu nani anaandika? Wengi wanakimbilia prednisoloni siku ya kwanza, utadhani ni pipi.

#17 Tabibu wa Zamu
Naandika. Mwenye madoa tu, hana kidonda, mkojo safi: acha dawa inayoshukiwa, apumzike, miguu iwe juu ya mto, bandeji ya krepu kuanzia vidole kwenda juu, dawa ya mzio usiku kama inawasha. Wengi huisha wiki 3 hadi 4. Nafasi yake hubaki weusi miezi kadhaa, mwambieni mapema asije akadhani ugonjwa umerudi.

Yakipasuka au yakisambaa: prednisoloni miligramu 0.5 kwa kilo, ukipunguza taratibu kwa wiki 3 hadi 6. Yanayojirudia: kolchisini miligramu 0.5 mara mbili kwa siku, au dapsoni 50 hadi 100.

#18 Mvita
Dapsoni bila kupima G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu? Pwani hii? Utamtibu miguu umuue damu. Upungufu huo umejaa huku kwa sababu ya malaria ya mababu. Pima kwanza, kisha hesabu ya damu kila wiki mwezi wa kwanza.

#19 Duka la Kona
Na kabla ya prednisoloni, VVU, homa ya ini B, kikohozi cha TB, na minyoo ya strongiloidi. Huyo wa mwisho akikuta kinga imelala anasambaa mwili mzima. Ivamektini mikrogramu 200 kwa kilo ni rahisi kuliko majuto.

Kuhusu maumivu ya vifundo: parasetamoli. Kumrudishia diklofenaki mtu tunayeishuku diklofenaki ni kumkabidhi fisi bucha.

#20 Mama Kliniki
Swali langu la kila siku: dozi inayofuata nimpe nisimpe? Na fomu niandike nini?

#21 Hesabu Kali
Fomu usiandike "imesababishwa na". Andika kilichotokea na lini: tarehe na saa ya chanjo, namba ya toleo ya chupa NA ya kimiminika cha kuchanganyia, hali ya VVM (alama ya joto kwenye chupa), siku madoa yalipoanza, dawa zote za wiki tatu nyuma, majibu ya sahani na mkojo. Tanzania inakwenda TMDA, mamlaka ya dawa, Kenya kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Amelazwa? Basi ni tukio kubwa, ripoti siku hiyohiyo.

Kamati ndiyo itakayopanga kwa vigezo vya WHO: A inaendana na chanjo, B haijulikani, C imetukia tu, D taarifa hazitoshi. Utabiri wangu: tukio moja la madoa siku ya 8, kwa mtu aliyemeza diklofenaki, ni B. Na ikiwa watoto wanne wa kituo kimoja, chupa moja, wameugua ndani ya siku moja na homa kali, hiyo si mishipa, ni chupa iliyokaa wazi zaidi ya saa 6.

#22 Tabibu wa Zamu
B? Mimi naiweka C, kuna maelezo mengine yanayotosha.

#23 Darubini
Na mimi A. Muda unakubali, njia ya kibaolojia inajulikana, karatasi ya dawa inalitaja.

#24 Duka la Kona
Kamati ya watu watatu, herufi tatu. Mama Kliniki, mwandikie mgonjwa kwenye kadi majina yote mawili, chanjo na kidonge. Dozi ya pili: kama alikuwa na ngozi tu, figo safi, na hatari ya ugonjwa ni kubwa, wengi hutoa ya aina nyingine madoa yakishaisha kabisa, wakimwangalia wiki mbili. Kidonge hakina haja ya kurudiwa, parasetamoli ipo.

#25 Mvita
#24 hapo umeizika siri milele. Akichanjwa tena bila diklofenaki asitoke madoa, utasema ilikuwa diklofenaki. Ila umembadilishia chanjo pia.

#26 Kichwa Ngumu
Mpeni diklofenaki bila chanjo basi.

#27 Kijiti cha Mkojo
#26 huyo utamwangalia mkojo wewe.

#28 Maabara ya Chini
Nimeulizwa inboksi na wawili kama kitoboleo cha milimita 3 kinafaa. Usoni sawa. Mguuni leta 4, na uache kukibana kinyama kwa meno ya kibanio, nyutrofili zilizopondwa na kibanio zinafanana mno na lile vumbi la Darubini.